Spika za Nyumbani: Kutengeneza au Kununua Mpya?



Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Spika ya zamani inapoanza kukwaruza au kunyamaza, mawazo ya wengi hukimbilia dukani. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada ya mtoto huchotwa, spika ya zamani hutupwa uani, na pengine ile mpya nayo hukwaruza vilevile, kwa kuwa kasoro ilikuwa kwenye waya. Somo hili lina shabaha moja: kumwezesha mkazi kutambua sehemu iliyoharibika kabla hajatoa shilingi yoyote. Umri wa spika pekee si hukumu.

Spika imeundwaje?

Spika nyingi za majumbani hufuata muundo ulioelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg nchini Marekani mwaka 1925. Koili ya waya mwembamba imekaa katika pengo la sumaku. Umeme kutoka kwenye amplifaya unapopita ndani yake, koili husogea mbele na nyuma na kuisukuma koni, ambayo aghalabu ni ya karatasi. Koni hutikisa hewa, nasi tukasikia sauti. Pembezoni, koni hushikiliwa na ukingo laini wa sponji, mpira au kitambaa.

Sehemu hizi hazizeeki kwa mwendo mmoja. Sumaku hudumu miongo mingi. Koni hudumu ikiepushwa na maji na panya. Ukingo wa sponji ndio dhaifu: baada ya miaka 10 hadi 20 hivi huanza kumomonyoka hata kama spika haikutumika, na joto na unyevu huuharakisha. Hivyo spika inayoonekana imekufa huenda imepungukiwa na ukingo tu.

Hatua nne za uchunguzi

1. Badilishana pande. Zima redio, acha nyaya mahali pake, kisha weka spika ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Washa kwa sauti ndogo. Kasoro ikihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu. Ikibaki upande uleule, spika ni nzima. Chunguza waya, viungo vyake au amplifaya.

2. Tazama. Ondoa pazia la mbele. Je, ukingo umepasuka, au unaacha ungaunga vidoleni? Je, kasha limevimba kwa maji au limeliwa na mchwa?

3. Bonyeza. Kwa spika ya besi pekee, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ikienda na kurudi kimya, koili imekaa vema. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Usibonyeze spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa maana huharibika upesi.

4. Jaribu kwa betri. Tenganisha spika na redio, kisha gusisha ncha zake kwa betri moja ya tochi ya volti 1.5, kwa nukta moja tu. Koni ikishtuka na kutoa mlio, koili haijakatika. Mwenye mita apime: spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, na iliyoandikwa omu 4 husoma kati ya 3 na 3.8. Mita isiposoma chochote, koili au waya wake umekatika.

Onyo: Sabufa inayochomekwa ukutani isifunguliwe na asiye fundi. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Namna ya kuamua

Tengeneza iwapo ukingo umechakaa, waya umeachia, au kapasita ndani ya kasha imekauka, huku sumaku, koni na kasha vikiwa vizima. Ukingo ubadilishwe kwa spika zote mbili, maana zimezeeka pamoja. Nunua nyingine iwapo kasha limevimba au kuliwa, koni imeraruka vibaya, au koili imeungua na vipuri havipatikani.

Katika gharama, kipimo chepesi ni nusu ya bei. Tuseme spika ya ubora uleule huuzwa shilingi 80,000. Fundi akitaka 25,000, kutengeneza ni busara. Akitaka 60,000, heri kununua. Lakini linganisha na spika ya ubora uleule, wala si ile ya bei ya chini kuliko zote. Spika nyingi za kale zina sumaku nzito na makasha ya mbao imara, sifa ambazo makasha mepesi ya plastiki hayana.

Ukienda kwa fundi, mwombe akuonyeshe sehemu mbovu, patana bei kabla ya kazi, na udai kurudishiwa kipuri cha zamani. Akibadilisha spika nzima, omu ziwe zilezile. Zikipungua, amplifaya huweza kuungua. Muulize pia sababu. Mara nyingi koili huungua kwa sauti kufunguliwa kupita uwezo wa amplifaya. Desturi hiyo isipokoma, koili mpya nayo itaungua.

Spika isiyofaa tena

Isichomwe moto. Moshi wa plastiki ya nyaya ni sumu, na viungo vya vifaa vya zamani vina madini ya risasi. Watoto wanaocheza jalalani ndio huumia kwanza. Mpe fundi anayehitaji sumaku na vipuri, au mwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Spika ndogo za kuchaji zina betri ya lithiamu: ikivimba, acha kuichaji na usiitoboe. Kwa mwongozo zaidi, muone afisa afya katika ofisi ya mtendaji wa kata.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya kutoa fedha, andika majibu ya maswali matatu: Kasoro ilihama na spika au ilibaki? Ni sehemu gani iliyoharibika? Gharama ya fundi ni chini ya nusu ya bei ya spika ya ubora uleule? Asiyeweza kujibu yote matatu hajafika wakati wa kununua.