Zuia Joto Lisitoroke: Namna ya Kuivisha Maharage kwenye Kikapu

Maji yakishafika kiwango cha kuchemka, nyuzi 100 pwani na karibu nyuzi 95 Nairobi, hayapandi tena hata uchochee moto vipi. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya mkaa unaochoma inafidia tu joto linalotoroka sufuriani. Ukilizuia joto hilo, unaweza kuepua sufuria na maharage yakaendelea kuiva bila moto. Hiyo ndiyo kazi ya kikapu cha kupikia, na unaweza kukitengeneza nyumbani kwa tenga na vitambaa vikuukuu.

Joto linatorokea wapi

Joto likiachwa lenyewe hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, mpaka vyote viwili vilingane. Ubaridi hauingii sufuriani. Joto ndilo linalotoka. Lina njia nne za kutokea.

Ya kwanza ni kugusana: ukiweka sufuria kwenye sakafu ya saruji, sakafu inanyonya joto. Ya pili ni hewa: ile inayogusa sufuria inapata moto, inakuwa nyepesi na kupanda, na ya baridi inachukua nafasi yake. Ya tatu ni mnururisho, lile joto linalokupiga usoni ukikaa karibu na jiko. Ya nne ni mvuke, na hii ndiyo mbaya kuliko zote. Piga hesabu: sufuria ya lita 4 ikipoteza mvuke wa mililita 75 tu za maji, yaani vijiko vitano vya chakula, imepoteza joto linalotosha kuyashusha maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 10. Kwa hiyo mfuniko unaokaa sawasawa ni wa lazima.

Kutengeneza kikapu

1. Tafuta tenga au boksi gumu linaloizidi sufuria yako kwa sentimita 10 kila upande.

2. Chagua kitu cha kujazia: sufi, pamba, maranda makavu ya mbao, makapi ya mpunga au majani makavu ya mgomba. Vyote hivi vinafaa kwa sababu vinabana hewa isitembee, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Maji hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo vikilowa, vianike kwanza. Wala usivishindilie, maana utaitoa hewa unayoihitaji.

3. Tandika tabaka la sentimita 10 chini, weka sufuria tupu katikati, kisha jaza pembeni hadi usawa wa mfuniko. Funika kwa khanga kuukuu na ushone kingo zake, ili tundu libaki na umbo la sufuria. Sufuria iingie kwa kubana, kwa kuwa pengo lolote ni njia ya hewa kuzunguka.

4. Shona mto mnene wa kufunika juu, mpana kuliko mdomo wa tundu.

Kupika

Loweka maharage usiku kucha na umwage maji hayo. Tia maji mapya, ujaze sufuria angalau theluthi mbili: chakula kingi hupoa taratibu kuliko kidogo. Bandika, funika, na yakishachemka yaache yatokote dakika 20 hadi 30. Usipunguze muda huu. Joto linahitaji nafasi ya kupenya hadi kiini cha kila punje. Tena maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili, na kikapu peke yake hakiwezi kuiharibu.

Epua bila kufunua. Futa kaa lolote lililonasa chini ya sufuria, lisije likaunguza kikapu, kisha tumbukiza sufuria upesi na ukandamize mto juu. Acha saa tatu hadi nne, bila kuchungulia, kwani kila ukifunua mvuke unaondoka. Baada ya hapo rudisha jikoni, tia tui na viungo, chemsha tena, pakua. Kwa wali, dakika 5 za kuchemka na saa moja kikapuni zinatosha. Punguza maji kidogo, kwa kuwa hayakauki kama yanavyokauka kwenye moto.

Kupima na kujihadhari

Nusu saa baada ya kufunika, pitisha kiganja nje ya kikapu. Palipo na vuguvugu ndipo joto linapovujia. Ongeza sufi au maranda hapo. Wakati wa kufungua, chakula kinatakiwa kiwe bado cha moto sana, zaidi ya nyuzi 60, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu huanza kuzaliana. Ukiweza kuegemeza kiganja kwenye sufuria bila kuungua, imepoa mno: chemsha mara moja, na ukirekebishe kikapu kabla ya kukitumia tena. Usilaze chakula humo usiku kucha.

Kikapu hichohicho huhifadhi barafu au maziwa ya baridi, maana kinazuia joto la nje lisiingie vilevile kinavyozuia la ndani lisitoke. Anza na maharage ya wiki hii: pima mkaa kwa kopo kabla ya kupika, upime uliobaki, kisha ulinganishe na unaotumia siku zote.