Floridi Katika Maji ya Kunywa: Maswali ya Wakazi wa Miteremko ya Meru

Wakazi wengi wa Arusha, Arumeru na maeneo jirani hutuuliza kuhusu floridi kila tunapofika kupima maji. Tumekusanya hapa maswali yanayojirudia zaidi.

Floridi ni nini, na imeingiaje kwenye maji yetu?
Ni madini ya asili yaliyomo ndani ya miamba ya volkano. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita chini kwa chini kwenye miamba hiyo huyayeyusha kidogo kidogo hadi yafike kisimani au kwenye chemchemi. Hakuna mtu aliyeyatia humo.

Chemchemi yetu ni safi na maji yake ni matamu. Bado nihofie?
Floridi haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambua. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa nayo nyingi kupita kiasi, na kisima cha jirani kikawa salama. Jibu hutoka maabara tu.

Kiwango salama ni kipi?
Kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Hicho ndicho kiwango cha Tanzania kwa sasa, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 kutokana na uhaba wa vyanzo, kwa hiyo mradi wa zamani uliowahi kufaulu kipimo unastahili kupimwa upya.

Nikichemsha maji, si inatosha?
Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, na tunakuomba usiache. Lakini floridi haiondoki kwa moto: maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, madini hubaki yaleyale ndani ya maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu, na kichujio cha kitambaa huzuia takataka tu.

Meno ya kahawia si mambo ya ukoo?
Dhana hii inaeleweka, maana watu wa nyumba moja mara nyingi huwa na meno yanayofanana. Ukweli ni kwamba hunywa maji ya chanzo kimoja. Si uchafu wala uzembe wa kupiga mswaki. Madoa huanza jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, hasa kabla ya miaka 8. Ndiyo maana mtu aliyehamia huku akiwa mtu mzima habadiliki rangi ya meno. Mifupa yake, hata hivyo, haina kinga hiyo: floridi nyingi kwa miaka mingi huleta maumivu na ugumu wa viungo, na kwa watoto huweza kupinda miguu. Na hakuna anayestahili kuchekwa, au kunyimwa kazi, kwa sababu ya maji aliyonywa utotoni.

Je, magadi yanahusika?
Ndiyo, na hili husahaulika sana. Magadi tunayolainishia maharage na makande yanaweza kuwa na floridi nyingi, hivyo mtu anayechota maji mazuri bado huipata chunguni. Loweka maharage usiku kucha, utapunguza haja ya magadi na mkaa pia.

Kuoga na kufua?
Hakuna shida. Maji salama yakiwa machache, yatengwe kwa kunywa na kupika, na mtoto apewe kwanza.

Tufanye nini nyumbani?
Maji ya mvua karibu hayana floridi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga kwenye simtanki lenye mfuniko, na uyachemshe kabla ya kunywa. Njia nyingine ni kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa wa kupikia hauwezi kazi hiyo. Mkaa wa mifupa nao huchoka, kwa hiyo muulize anayekuuzia utabadilishwa lini na nani atayapima maji yakishachujwa.

Nina haki ya kuona majibu ya vipimo?
Ndiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma. Vijijini anza na chombo cha watumia maji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mjini, nenda kwa mamlaka ya maji inayokutoza ankara.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, ombeni majibu ya kila chanzo yasomwe kwa sauti na kubandikwa pale mnapochotea maji.