SOMO LA ROBO MWAKA: Mwanafunzi Wetu Katika Muhula wa Misukosuko

Lengo la somo: Kuzisaidia kamati za sharika na wafadhili kutambua wajibu wao pale mwanafunzi wanayemsaidia anapokuwa chuoni katika kipindi cha wasiwasi.

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Wagalatia 6:2; Mathayo 25:34-40.

Muda: Saa moja na nusu, pamoja na majadiliano.

Utangulizi



Tunaanza somo hili kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ya miradi ilipata habari kwamba chuo kimoja kimefungwa kwa sababu ya mgomo na wanafunzi wamerudishwa makwao. Tulikuwa na kijana wetu pale. Tulikaa kikao kifupi, mmoja wetu akasema, "Tulimpeleka kusoma, hatukumpeleka kugoma," na wote tukaitikia. Siku hiyo hiyo tulisimamisha malipo yake. Chuo kilipofunguliwa hakuwa na ada ya kujisajili, akapoteza mwaka mzima. Baadaye sana tulifahamu kwamba siku ya mgomo alikuwa hospitalini akimwuguza mwenzake wa bwenini. Hatukuwa tumemwuliza.

Tangu hapo tumejiuliza: usharika unapaswa kufanya nini muhula unapochafuka? Ili tujifunze bila kunyoosheana vidole, tumechagua kisa cha mbali, cha wanafunzi wa mji wa Nashville, Marekani, katika muhula wa Januari hadi Mei mwaka 1960. Kule muhula huo huitwa wa majira ya kuchipua, kwa kuwa huanza wakati wa baridi na kumalizika miti ikiwa imechanua.

Mji na vyuo vyake

Nashville ni makao makuu ya jimbo la Tennessee, na ni mji wenye vyuo vingi. Mwaka 1960 wanafunzi weusi walisoma hasa katika vyuo vinne: Fisk, Meharry kinachofundisha madaktari, chuo cha serikali ya jimbo kilichoitwa Tennessee A&I, na chuo kidogo cha wachungaji, American Baptist Theological Seminary. Katika maduka makubwa ya mjini mtu mweusi aliruhusiwa kununua daftari, sabuni na nguo. Lakini ndani ya maduka hayo hayo kulikuwa na kaunta za chakula, na pale hakuruhusiwa kuketi hata kwa kikombe cha kahawa. Fedha yake ilipokelewa, ila yeye mwenyewe hakupokelewa.

Maisha ya kila siku ya mwanafunzi

John Lewis alizaliwa mwaka 1940 karibu na mji wa Troy, Alabama, katika familia ya wakulima yenye watoto kumi. Alipokuwa mdogo alipenda kuwahubiria kuku wa nyumbani. Mwaka 1957 alikwenda Nashville kusomea uchungaji. Mjomba wake alimpa dola 100 na sanduku la kuwekea nguo. Chuo chake kiliwaruhusu wanafunzi wasio na uwezo kufanya kazi badala ya kulipa ada, naye akapangiwa jikoni kusugua masufuria. Kwa hiyo ratiba yake ilikuwa darasa, masufuria, maktaba, ibada, kisha kulala. Alikaa chumba kimoja na Bernard Lafayette, aliyekuja naye kuwa mwanaharakati.

Diane Nash alitoka Chicago, mji wa kaskazini, akahamia Fisk mwaka 1959 akiwa na miaka 21. Alikuwa Mkatoliki. Hakuwa amezoea kuona vibao vya kuwatenga watu weusi, na vilimwumiza sana. Amewahi kusimulia kwamba siku za maandamano alikaa darasani viganja vikitoka jasho kwa hofu, hata kila alipoinua mkono aliona alama ya kiganja juu ya dawati.

Tunaomba kamati zetu zizingatie jambo hili. Tukisikia neno "wanaharakati" tunadhani ni watu wasiosoma wala wasioogopa. Hawa walikuwa wanafunzi wenye mitihani na kazi za kuandika, na masufuria ya kuosha pia. Msukosuko haukuyafuta maisha yao ya kila siku; waliubeba wakiwa bado wanahudhuria vipindi.

Kanisa kama darasa la pili

Mtu aliyewafundisha ni James Lawson, mwanafunzi wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alikuwa amekaa India miaka mitatu kama mmisionari wa Kimethodisti, akifundisha katika chuo cha mji wa Nagpur, na huko alijifunza mafundisho ya Gandhi. Mwaka 1959 aliendesha semina za jioni katika chumba cha chini cha kanisa la Clark Memorial Methodist, karibu na Fisk.

Semina hizo zilikuwa na mazoezi. Baadhi ya wanafunzi waliigiza kuwa watu wenye chuki: waliwatukana wenzao, wakawasukuma na kuwavuta kutoka kwenye viti. Waliovutwa walijifunza kutojibu na kutokimbia, na jinsi ya kukinga kichwa. Lewis na Lafayette waliandika karatasi ya kanuni iliyogawiwa kwa kila mshiriki: usirudishe pigo wala tusi, kaa wima ukitazama kaunta, mwulize kiongozi wako kabla ya kuondoka, kumbuka upendo.

Kanisa lile halikuwa na fedha nyingi. Lilichotoa ni chumba, taa na ufunguo wa mlango.

Jumamosi za Februari

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne walikaa kwenye kaunta ya duka huko Greensboro, North Carolina. Habari ilienea haraka, na vijana wa Nashville wakaona saa yao imefika. Walikutana na wazee wao katika kanisa la First Baptist la Mchungaji Kelly Miller Smith. Wazee waliwasihi wasubiri kwanza. Sababu yao kila mwanakamati ataielewa: mfuko wa chama cha viongozi wa Kikristo wa mji ulikuwa na chini ya dola 100. Vijana wakikamatwa, nani atalipa dhamana?

Vijana walijibu kwamba hawawezi kusubiri tena. Jumamosi, tarehe 13 Februari, kukiwa na theluji, wanafunzi 124 walitembea kwenda mjini wakiwa wamevaa nguo zao za Jumapili. Walinunua vitu vidogo, wakaketi kwenye kaunta, wakaagiza chakula. Hawakuhudumiwa. Basi walifungua vitabu vyao na kuanza kusoma, na kaunta ikageuka kuwa meza ya maktaba.

Jumamosi, tarehe 27 Februari, mambo yalibadilika. Kundi la vijana weupe liliwavamia, likawapiga na kuwaangusha kutoka kwenye viti. Polisi walipofika waliwakamata wanafunzi wapatao 80 waliokuwa wameketi, wakawaacha waliopiga. Mahakama iliwatoza faini ya dola 50 kila mmoja. Diane Nash alieleza mahakamani kwamba kulipa faini hiyo ni kuunga mkono dhuluma iliyowapata, na wengi walichagua jela.

Na wale wazee waliosema mfuko ni mtupu? Walifungua mifuko yao wenyewe. Jamii ya watu weusi wa Nashville ilichanga fedha za dhamana, na mawakili wao, wakiongozwa na Z. Alexander Looby, wakawatetea. Mfuko ulijaa watu walipoona kuna haja.

Barua kutoka nyumbani

Nyumbani kwa Lewis, jela ilikuwa aibu. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, wachapa kazi, ambao hawakuwahi kugombana na sheria. Mama yake alimwandikia aachane na mambo hayo, kwa kuwa alikwenda chuoni kutafuta elimu. Kwa maneno mengine alisema kama sisi tulivyosema kikaoni mwetu.

Hatumlaumu mama huyu. Aliijua Alabama na alijua yanayoweza kumpata kijana mweusi huko. Hofu yake ilikuwa upendo. Lakini Lewis amesimulia kwamba barua hiyo ilimwumiza, na kwamba ilichukua miaka wazazi wake kuielewa kazi yake. Wakati huo ni mchungaji, mwalimu na mwenzake wa chumbani waliomshikilia. Alihitimu chuo chake mwaka 1961. Baadaye alikuwa mbunge wa Marekani tangu 1987 hadi alipofariki mwaka 2020.

Vyuo viwili, maamuzi mawili

Mkuu wa Chuo cha Fisk, Stephen Wright, aliwaunga mkono wanafunzi wake hadharani. Vanderbilt, kwa upande wake, kilimfukuza James Lawson mapema mwezi Machi 1960, miezi michache kabla ya kumaliza masomo yake. Walimu wengi wa kitivo cha theolojia waliandika barua za kujiuzulu kwa kupinga uamuzi huo. Lawson alikwenda kumalizia shahada yake Chuo Kikuu cha Boston. Mwaka 2006 alirudi Vanderbilt, safari hii akiwa profesa mwalikwa. Alifariki mwaka 2024. Chuo kilihitaji zaidi ya miaka 40 kurekebisha uamuzi uliofanywa kwa siku chache.

Pasaka na mwisho wa muhula

Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 17 Aprili. Familia zilizoea kununua nguo mpya za sikukuu mjini. Safari hii waumini weusi hawakwenda. Akina mama walioshona upya nguo za zamani hawakuketi kwenye kaunta hata siku moja, lakini walishiriki.

Alfajiri ya tarehe 19 Aprili baruti ililipuliwa nyumbani kwa wakili Looby. Yeye na mke wake walinusurika, lakini madirisha zaidi ya 140 ya Meharry, ng'ambo ya barabara, yalivunjika. Siku hiyo maelfu ya watu waliandamana kimya kimya hadi ofisi ya Meya Ben West. Diane Nash alimwuliza kama anaona ni haki mtu kubaguliwa kwa sababu ya rangi yake. Meya alikiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei 1960 maduka sita ya katikati ya mji yaliwahudumia wateja weusi kwenye kaunta zao kwa mara ya kwanza. Wanafunzi walikuwa wanaelekea kwenye mitihani.

Tunajifunza nini?

Hatusemi kila mgomo wa chuo ni kama Nashville. Mingine huvunja madirisha na kuumiza wasiohusika, na mwingine husababishwa tu na fedha za kujikimu zilizochelewa au chakula kibovu. Ndiyo maana neno la kwanza ni kuuliza.

1. Tumwulize mwanafunzi kabla ya kuamua. Simu moja kwake, moja kwa mchungaji wa karibu na chuo, na moja kwa mlezi wa wanafunzi. Uamuzi wa kusimamisha ada usifanywe siku habari inapofika.

2. Tulinde mambo ya kawaida. Mwanafunzi mwenye hofu bado anahitaji chakula, nauli, daftari na mahali pa kulala. Chuo kikifungwa ghafla, nauli ya kurudi nyumbani ni huduma kubwa kuliko hotuba.

3. Tufungue chumba cha kanisa. Usharika ulio jirani na chuo unaweza kuwapa vijana mahali pa kusomea, kusali na kusema yaliyo moyoni mbele ya mtu mzima anayesikiliza. Vijana wa Nashville hawakupata nidhamu yao mtaani. Waliipata katika chumba cha chini cha kanisa, kwa miezi.

4. Tuandike barua njema. Tunaweza kumwonya kijana na papo hapo kumhakikishia kwamba bado ni wetu.

5. Wafadhili watusaidie kuwa na akiba ndogo ya dharura. Fedha nyingi tunazopokea zimepangwa kwa ada peke yake, na hatuna ruhusa ya kuzigusa kwa nauli wala matibabu. Tunashukuru sana kwa ada hizo. Tunaomba tu tuzungumze juu ya sehemu ndogo itakayotolewa kwa taarifa na risiti muhula unapochafuka.

Maswali ya majadiliano

1. Je, kamati yetu inawajua kwa majina wanafunzi wote wa usharika walioko vyuoni? Mara ya mwisho tulizungumza nao lini, mbali na mambo ya ada?

2. Wazee wa Nashville walisema mfuko ni mtupu, kisha wakachanga. Ni nini kilichobadilika mioyoni mwao?

3. Kama ungekuwa mama yake John Lewis, ungeandika nini katika barua ile?

4. Chuo kikifungwa leo jioni, kijana wetu atalala wapi?

Tumalizie

Yule kijana wetu aliyepoteza mwaka alirudi chuoni na kuhitimu. Tulimwomba radhi mbele ya kamati nzima. Alitusamehe, akasema jambo moja tu: kwamba mwaka ule alisubiri simu yetu kila siku. Basi tuombe Mungu atupe masikio ya kusikia kabla ya mikono ya kutia saini. Tunaomba sharika zitume majibu ya swali la nne katika ofisi ya miradi ya dayosisi kabla muhula ujao haujaanza.

Mungu awabariki nyote.