Kitambaa cha Bei Nafuu au cha Bei ya Juu? Somo la Kuchagua Pamba ya Rangi Moja kwa Kushonea Mfarishi

Katika somo la ushonaji, swali moja haliachi kuulizwa: "Mwalimu, tununue kitambaa cha bei nafuu au kile cha bei ya juu?" Swali hili si dogo. Mfarishi wa viraka ni tandiko lenye tabaka tatu, yaani uso, kijazo na bitana, na kuushona kwa mkono huchukua majuma mengi. Kitambaa kikiharibika, kinachopotea si fedha tu, bali pia subira ya mtoto.

Sisi wenyewe tulipata funzo hilo. Darasa letu moja lilishona mfarishi wa miraba myekundu na myeupe. Kitambaa chekundu tulikinunua kwa bei nafuu bila kukijaribu. Mfarishi ulipofuliwa kwa mara ya kwanza rangi ilichuja, na miraba myeupe ikageuka kuwa ya waridi. Wanafunzi hawakulilaumu duka, walitutazama sisi. Tangu siku ile hatuanzi somo hili kwa mkasi, bali kwa maji.

Yafaa ikumbukwe kwamba kitambaa cha rangi moja hakina maua ya kuficha kasoro. Waamishi wa Pennsylvania, Marekani, wanajulikana kwa mifarishi ya vitambaa vya namna hii. Uzuri wake hutegemea rangi safi na mishono iliyonyooka. Doa dogo au mshono uliovutika huonekana mara moja.

Madhumuni ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kukipima kitambaa kwa jicho, kwa mkono na kwa maji, kisha aeleze sababu za uchaguzi wake.

Hatua za somo

Hatua ya 1: Kuhesabu nyuzi. Kila kundi lipewe vipande viwili, cha bei nafuu na cha bei ya juu, bila kuambiwa bei. Wavishike mbele ya dirisha na kuhesabu nyuzi za mtande na za mshindio katika sentimeta 1. Pamba inayofaa kwa mfarishi kwa kawaida huwa na nyuzi 24 au zaidi kila upande. Zikiwa chache mno, kingo za viraka hufumuka upesi.

Hatua ya 2: Kusugua. Vitambaa vingi vipya hutiwa wanga ili vionekane vizito. Wanafunzi wavisugue kati ya vidole. Unga mweupe ukidondoka na kitambaa kikalegea, uzito ule ulikuwa wa wanga, si wa pamba.

Hatua ya 3: Kufua. Wachore mraba wa sentimeta 20 juu ya kila kipande, wakifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni pamoja na kipande cha bafta nyeupe, wakianike, kisha wapime. Upande ukiwa sentimeta 19, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Bafta ikipata rangi, kitambaa kinachuja.

Kufikia uamuzi

Sasa bei zitajwe, na hesabu ifanywe ubaoni. Tuseme kitambaa cha kwanza ni sh. 4,000 kwa mita nacho hurudi kwa asilimia 5 katika urefu. Cha pili ni sh. 6,000 wala hakirudi. Mita moja kamili ya kile cha kwanza, baada ya kufuliwa, itagharimu kama sh. 4,210. Wanafunzi wataona kwamba hata hivyo cha kwanza bado ni nafuu. Basi msemo "rahisi ghali" hautoshi kuwa jibu. Hasara kubwa haimo katika mita zinazopungua, bali katika kazi inayoharibika baada ya kushonwa.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kitambaa cha bei nafuu kitumike kwa mazoezi ya mishono, na kwa bitana baada ya kufuliwa. Kikifaulu majaribio yote matatu, hakuna sababu ya kukinyima nafasi katika uso. Fedha za ziada zitengwe kwa rangi kali zitakazopakana na nyeupe. Hali kadhalika, kitambaa cha bei ya juu nacho hapana budi kijaribiwe, maana nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza huweza kuchuja hata zikiwa za thamani. Mwisho, kitambaa kizito kisichanganywe na chepesi katika uso mmoja, kwa kuwa kizito hukivuta chepesi.

Mwalimu mwanafunzi, usiwape watoto jibu kabla ya maji kukauka. Mtoto aliyeona bafta ikibadilika rangi kwa macho yake hatahitaji kukaririshwa kanuni.

Zoezi

Andaa andalio la somo la vipindi viwili kwa kutumia vitambaa viwili vinavyouzwa karibu na shule yako. Eleza ni kipi utakachokitumia kwa uso, kipi kwa bitana, na kwa nini.