Jeti Iliyopotea

Katika fizikia twafundishwa kanuni ya momenta: bunduki ikifyatuliwa, risasi huenda mbele nayo bunduki hurudi nyuma. Napenda kuonyesha jinsi kanuni hiyo ilivyowasaidia wataalamu kupima kitu kisichodumu hata kufumba na kufumbua.

Kila protoni imefanywa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki na gluoni. Protoni mbili zikigongana kwa nguvu, huenda kwaki mbili zikakutana, zikarushwa pande zilizo kinyume. Kwaki haionekani peke yake. Hugeuka fungu la chembe zirukazo pamoja, nalo huitwa jeti. Kwa hiyo jeti huja mbili mbili, zimepeana migongo.

Mwaka 2000 mtambo wa RHIC, wenye mzingo wa kilometa 3.8, ulianza kugonganisha viini vya dhahabu huko Brookhaven, katika jimbo la New York, Marekani. Wataalamu walichagua chembe yenye momenta kubwa, wakapima pembe iliyo baina yake na chembe nyingine, wakahesabu. Protoni kwa protoni, hesabu ilipanda mahali pawili: karibu na nyuzi 0 na karibu na nyuzi 180. Lakini dhahabu kwa dhahabu, zikigongana kitovu kwa kitovu, kilima cha nyuzi 180 kilitoweka.

Jeti ya pili ilikwenda wapi? Fikirini wakimbiaji wawili ukingoni mwa kinamasi cha mafunjo, wamepeana migongo. Mmoja akimbilia nchi kavu. Mwenziwe hana budi kuvuka matope, akachoka. Katika mgongano ule protoni na nyutroni huyeyuka zikawa uji wa kwaki na gluoni, wenye joto lizidilo la kitovu cha jua zaidi ya mara 100,000. Uji huo ndio matope.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: Je, si kiini cha dhahabu chenyewe kizuiacho jeti, hata bila uji? Kama ndivyo, hoja yote yaanguka. Basi mwaka 2003 walirusha dyuteroni, yaani protoni 1 na nyutroni 1, dhidi ya dhahabu. Mgongano huo ni mdogo mno kufanya kinamasi kipana. Kilima cha nyuzi 180 kikarudi! Hapo ikathibitika kwamba mla nishati ni uji.

Wala nishati haikupotea. Tangu mwaka 2010, huko CERN, karibu na Geneva, viini vya madini ya risasi viligonganishwa, ikaonekana jeti moja yenye nguvu na mwenziwe dhaifu. Nishati iliyopungua ilikutwa imetapakaa katika chembe nyingi zenye momenta ndogo, mbali na njia ya jeti.

Maswali
1. Kwa nini jaribio la dyuteroni lilihitajika?
2. Fotoni haishikwi na nguvu ifungayo kiini. Je, ikipita katika uji itapungua kama jeti? Toa sababu.