Mzuie, Wala Usijihisi Vibaya

Haya, wadogo zangu, sogeeni tuzungumze. Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Dada, nikimblock mtu kwa sababu ya siasa, si nitaonekana nina chuki?" Hapana. Simu ni yako, bando umelinunua kwa pesa yako, na hakuna anayeweza kukulazimisha kusoma matusi dhidi ya kabila lako kabla hujanywa chai ya asubuhi.

Lakini kwanza umjue unayebishana naye. Mwaka 2021, wakati wa vuta nikuvute ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, watafiti wa Mozilla waliichunguza Twitter (sasa X) ya Kenya. Wakakuta vijana wanalipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za kuwachafulia jina majaji na wanaharakati. Maneno ya kuandika wanatumiwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na maelekezo, kisha wote wanaimwaga alama ya reli moja mpaka ipande juu. Nawe unakesha ukimletea mtu wa namna hiyo vifungu vya Katiba! Hana haja navyo. Tena kila unapomjibu unamsaidia, kwa sababu mtandao ukiona majibu mengi unamsogeza mbele ya macho ya watu zaidi. Mzuie bila kumuaga. Usitangaze kwamba umemzuia, wala usiweke maneno yake kwenye ukurasa wako ili watu wamcheke, maana hapo unamsambazia bure.

Akiwa anachochea watu wapigwe au wafukuzwe makwao, usimzuie upesi. Piga picha ya skrini, ripoti kwa mtandao wenyewe, na upeleke malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Tume hiyo iliundwa kwa sheria ya 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Ujumbe wa chuki ulikuwa ukipita kwa SMS siku zile. Ukishashtaki, ndipo umfungie.

Sasa tuje kwa mjomba anayetuma uzushi wa siasa kwenye kundi la ukoo. Huyu hajalipwa na mtu. Anatuma kwa sababu anaamini, na posa yako ikija ndiye atakayekaa mbele kuwapokea wageni. Usimblock mjomba. Kwenye WhatsApp nyamazisha stetasi zake, liweke kundi la ukoo kwenye kumbukumbu, na kwenye Facebook acha kumfuata huku mkibaki marafiki. Kuna hata nafasi ya kumpumzisha kwa siku 30. Akituma WhatsApp kitu chenye mishale miwili, ujue kimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Mpigie simu mzungumze faraghani. Mtu mzima ukimuumbua mbele ya wajukuu, atashikilia uongo ule ili kulinda heshima yake.

Kuhusu makundi ya kampeni ya WhatsApp unayotumbukizwa bila kuulizwa, dawa ipo tangu 2019: ingia Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi, uchague watu uliowahifadhi tu. Kwenye X unaweza kunyamazisha neno lenyewe, liwe jina la mgombea au kaulimbiu yake. Kwenye TikTok, bonyeza video bila kuachia, useme huipendi. Itachukua siku kadhaa, vumilia.

Ila nawaomba, jirani mwenye mgombea tofauti na wako, anayezungumza kwa hoja na bila matusi, mwacheni abaki. Ukiwafuta wote wasiokubaliana nawe, matokeo yatatangazwa na wewe utaapa kura zimeibwa, kwa kuwa hujawahi kumsikia aliyempigia yule mwingine. Hatari hiyo ni kubwa kuliko kero ya kubishana naye.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Badilisha mpangilio wa vikundi leo hii, kisha ishike simu ya mama yako umbadilishie na yeye.