Saruji ya usiku wa manane

"Shangazi, mtaa wetu hapa Tandika umegeuka njia ya mkato. Foleni ikikaza barabara kubwa, magari na bodaboda yote yanakimbilia kwetu. Juzi mtoto wa jirani kaponea chupuchupu. Vijana wameshanunua saruji wamwage tuta usiku. Mume wangu anasema tutafungwa. Tufanyeje? – Mama Wawili"

Mama Wawili, poleni sana. Mumeo anaogopa polisi. Mimi naogopa hilo tuta lenyewe. Likimwagwa kienyeji, bila rangi wala kibao, bodaboda wa saa nne usiku hatalijua mpaka limrushe, yeye na abiria wake, na abiria huyo huenda ni jirani yenu anatoka kazini. Saruji itunzeni kwanza.

Huko Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi walichoshwa na magari hivyohivyo. Wakaanza kuibadili mitaa yao kwa miti, mabenchi na njia zenye kona kona. Mwaka 1976 serikali ikaitungia mitaa ya aina hiyo sheria: mtoto ruhusa kucheza njiani, gari litambae kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Siri yake ni kwamba njia nyoofu na tupu humshawishi dereva akanyage mafuta. Akikuta watu na vitu vyao, anajiona kaingia uani kwa watu bila kupiga hodi.

Na nyinyi vifaa mnavyo. Tairi chakavu zipakeni chokaa, mpande mchaichai, mzipange pembeni kwa kupishana: moja kushoto, mbele kidogo moja kulia. Wazee wahamishie bao lao barazani upande wa njia. Muuza vitumbua naye asogee waonekane watu. (Gari la zimamoto lazima lipite, hilo msifanyie mzaha.)

Ila kabla ya tairi la kwanza, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aitishe mkutano na muhtasari uandikwe. Huo ndio wa kumpelekea diwani na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mkiomba tuta lenye vipimo. Wakisema bajeti hakuna, watajieni shirika la Amend: kazi yake ya matuta na njia za waenda kwa miguu karibu na shule, ikiwemo hapa Dar es Salaam, ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, na si kazi ya mabilioni.

Bodaboda wa kijiweni waiteni mapema, kabla hamjapitisha lolote. Watoto wao wanacheza hapohapo. Muhtasari mpe mumeo auandike. Akishika kalamu yeye, habari ya kufungwa hutaisikia tena.